Mama mdogo, rozari na vidonge vya presha: yoga imepimwaje kwa miaka 100?

Juni mwaka jana nilikwenda Kisesa kumsalimia mama mdogo. Kama hujafika, Kisesa iko wilaya ya Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Nilikuwa na mashine ndogo ya kupimia presha niliyoazima kwa rafiki yangu anayesomea udaktari. Mama ana presha kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikienda huwa nampima.

Nikamfunga mkanda mkononi, namba zikatoka: 188 kwa 112. Nikadhani mashine imekosea. Tukakaa dakika tano, nikarudia: 184 kwa 110.

"Mayu, vidonge unakunywa?"

Akanyamaza kidogo. "Nimevipumzisha," akasema. "Nafanya mazoezi ya kupumua, yale ya yoga. Kuna video ilirushwa kwenye grupu. Wiki ya tatu hii, na najisikia mwepesi kabisa. Hata usingizi umerudi."

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Nilimfokea. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza maswali mawili: "Mwanangu, wewe si ndiye umesoma? Basi niambie, huyo wa kwenye video ni mwongo? Na mwenzangu wa jumuiya anasema yoga ni ibada ya miungu, nitaharibu imani yangu. Huyo naye ni mkweli?"

Sikuwa na jibu la maana. Mchana ule tulipanda bajaji tukaenda kituo cha afya, akarudishiwa dawa. Lakini maswali yake yalibaki kichwani. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwako wewe kama nawe una mzazi, shangazi au rafiki aliyeanza kupumua kwa kufuata video.

Jibu fupi ni kwamba yule wa kwenye video hakudanganya kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Jibu refu linatutaka turudi nyuma kama miaka 100.

Yoga ya maabara ilizaliwa lini?

Neno yoga ni la Kisanskriti na ni la kale sana. Kwa karne nyingi lilihusu zaidi nidhamu ya nafsi: kukaa, kutafakari, kuzuia pumzi, kujinyima. Wahindi wamekuwa wakiishi Mwanza tangu enzi za ukoloni, wakifanya biashara na kuchambua pamba ya Usukuma, na mahekalu yao bado yapo mjini. Lakini usidhani kwamba kila mzee mwenye duka alikuwa akijikunja asubuhi kama unavyoona kwenye simu. Yoga ile ya mikao mingi, inayofundishwa kama mazoezi ya afya, ilipangwa upya kwa kiasi kikubwa huko huko India katika miaka ya 1920 na 1930.

Mtu mmoja wa kumkumbuka ni Swami Kuvalayananda. Mwaka 1924 alianzisha kituo cha Kaivalyadhama mjini Lonavla, pamoja na jarida la kuchapisha matokeo yake. Alitumia eksirei na vipimo vya shinikizo la hewa kuangalia kinachotokea ndani ya mwili mtu anapofanya mikao na mazoezi ya pumzi. Badala ya kusema "amini", alisema "tupime". Kuanzia hapo yoga ikaingia katika mkondo mmoja na dawa, lishe na chanjo: ikawa kitu kinachoweza kuonekana kweli au kuonekana si kweli.

Mtu aliyesimamisha moyo

Mwaka 1935 daktari wa moyo kutoka Ufaransa, Thérèse Brosse, alisafiri hadi India akiwa na mashine ya kurekodi umeme wa moyo, hii ambayo leo hospitalini tunaiita ECG. Alitaka kuwapima watu waliosemekana kuwa na uwezo wa kusimamisha moyo kwa hiari yao. Mmoja wa aliowapima ni Krishnamacharya, mwalimu maarufu wa yoga aliyekuwa akifundisha Mysore. Kwenye karatasi ya mashine, mawimbi ya moyo yalipungua hadi karibu kutoonekana. Habari zikasambaa: mwanayoga anaweza kuuzima moyo na kuuwasha.

Kwa zaidi ya miaka 20 habari hiyo ilisimuliwa na kurudiwa. Kisha, mwaka 1957, watafiti wawili kutoka Marekani, Marion Wenger na Basu Bagchi, walikwenda India na vifaa bora zaidi, wakashirikiana na mwanafiziolojia wa Delhi, B. K. Anand. Matokeo yao kuhusu moyo yalichapishwa mwaka 1961. Waliwapima wanayoga wanne, na Krishnamacharya, ambaye sasa alikuwa mzee, alikuwa mmojawapo.

Kwa watatu kati yao, ukiweka kidole kwenye mshipa wa mkono, mapigo yalipotea kweli. Ukiweka stethoskopu kifuani, husikii kitu. Lakini ECG iliendelea kuandika pigo baada ya pigo. Moyo haukusimama hata mara moja.

Sasa mapigo yalikwenda wapi? Jaribu kufikiria hivi. Mtu anavuta hewa, anafunga koo, halafu anakaza misuli ya tumbo na kifua kwa nguvu. Shinikizo ndani ya kifua linapanda, na mishipa inayorudisha damu kwenye moyo inabanwa. Moyo unaendelea kupiga, ila unapata damu kidogo ya kusukuma, hivyo wimbi halifiki mkononi kwa nguvu ya kuhisika. Sauti za misuli iliyokazwa nazo zinafunika sauti ya moyo. Kuhusu karatasi ya mwaka 1935, moyo ukihama kidogo kifuani mtu anapobana pumzi, mawimbi kwenye mkondo mmoja wa ECG yanaweza kuonekana madogo ingawa moyo uko kazini.

Naomba usipite haraka hapa, kwa sababu somo la makala yote limo humu. Wale watu hawakuwa matapeli. Walikuwa na ustadi wa kweli juu ya misuli na pumzi zao. Yule wa nne aliweza hata kuupunguza mwendo wa moyo wake waziwazi. Kilichokosea ni kidole kilichoshika mkono, kwa sababu kilihisi kitu cha kweli kikasoma maana isiyo ya kweli.

Mama mdogo naye alihisi kitu cha kweli: wepesi na usingizi mzuri. Akasoma kwamba presha imeshuka.

Daktari wa Croydon na kundi la kulinganisha

Baada ya kuachana na miujiza, watafiti walianza kuuliza swali dogo zaidi lakini lenye faida zaidi: je, yoga inaweza kumsaidia mgonjwa wa kawaida?

Miaka ya 1970 huko Croydon, pembezoni mwa London, daktari wa kawaida wa kliniki aitwaye Chandra Patel aliwafundisha wagonjwa wake wa presha kulegeza mwili kwa mbinu za yoga, wakisaidiwa na kifaa kilichowaonyesha jinsi mwili unavyotulia. Mwaka 1973 alichapisha matokeo ya wagonjwa 20 katika jarida la The Lancet. Watano waliweza kuacha dawa kabisa. Saba walipunguziwa dozi kwa asilimia 33 hadi 60. Wanne walidhibitiwa vizuri zaidi, na wanne hawakupata nafuu ya presha.

Ukichukua hao watano tu, video yako ya WhatsApp iko tayari! Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, ni watano kati ya 20, na waliacha dawa chini ya uangalizi wa daktari aliyekuwa akiwapima mara kwa mara. Pili, Patel mwenyewe hakuridhika, akaendelea kupima. Mwaka 1975 yeye na mwenzake, W. R. S. North, walichapisha jaribio lenye nguvu zaidi. Wagonjwa 34 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa yoga pamoja na kile kifaa. La pili lilipewa muda wa kupumzika tu, bila mafunzo hayo.

Kundi la yoga lilitoka 168 kwa 100 likafika 141 kwa 84. Hayo ni mafanikio makubwa. Sasa tazama kundi la pili: lilitoka 169 kwa 101 likafika 160 kwa 96. Yaani watu waliokaa tu na kupumzika walishuka 9 kwenye namba ya juu. Kama Patel asingekuwa na kundi hilo, hata hizo 9 angezihesabu kuwa ni kazi ya yoga.

Kwa nini nasisitiza kundi la kulinganisha? Kwa sababu sisi wa kanda ya ziwa tuna mfano wetu, na dunia nzima imejifunza kutoka kwake. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na chuo cha afya ya kitropiki cha London walifanya jaribio mkoani Mwanza. Walichagua jamii 12. Katika jamii sita, vituo vya afya na zahanati viliimarishwa kutibu magonjwa ya zinaa. Sita nyingine zilisubiri kwanza. Baada ya miaka miwili walihesabu maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi. Kwenye jamii zilizopata huduma yalikuwa asilimia 1.2, na kwenye zilizosubiri yalikuwa asilimia 1.9. Baada ya hesabu kamili, huduma ile ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 40.

Sasa jiulize: kama wangeangalia zile jamii sita za kwanza peke yake, wangeona asilimia 1.2. Hiyo ni nyingi au ni kidogo? Huwezi kujua. Ni zile sita zilizosubiri ndizo zilizoipa namba hiyo maana. Na tangu mwaka 1994 Kisesa yenyewe imekuwa eneo la utafiti wa muda mrefu wa NIMR, watu wakihesabiwa kaya kwa kaya. Mama mdogo anawakumbuka waliokuja na madaftari. Kwa hiyo nilipomweleza jambo hili hakushangaa. Alisema, "Kumbe ndiyo maana walikuwa wanapita hata kwa wasioumwa."

Rozari na pumzi sita

Tuje kwenye swali lake la pili, lile la imani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Herbert Benson wa Harvard alikuwa akiwachunguza watu wanaofanya taamuli, yaani kukaa na kutuliza fikra kwa kurudia neno. Aliona moyo unapunguza mwendo, pumzi inapungua, na mwili unatumia oksijeni kidogo. Mwaka 1975 aliandika kitabu akieleza kwamba hali hiyo si mali ya dini moja. Neno lolote linalorudiwa kwa utulivu linaweza kukufikisha hapo.

Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kikiongozwa na Mwitaliano Luciano Bernardi kilichapisha utafiti ambao ningependa kila jumuiya ndogondogo iusikie. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakiwa wanasali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakirudia mantra ya yoga. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika. Kwenye rozari na kwenye mantra pia, pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika. Hakuna aliyewaambia wapumue polepole. Ni urefu wa sala wenyewe: unatamka sehemu yako kwa pumzi moja, kisha unavuta hewa huku mwenzako akijibu.

Na hiyo sita ina nini? Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na karibu na moyo tuna vihisi vinavyopima shinikizo la damu. Shinikizo likipanda, vinaupa ubongo taarifa, nao unauambia moyo upunguze mwendo na mishipa ilegee. Mfumo huu una mdundo wake wa asili wa kama sekunde 10. Ukipumua mara sita kwa dakika, kila pumzi nayo inachukua sekunde 10. Midundo miwili inakutana, na vihisi vinafanya kazi kwa wepesi zaidi. Ndivyo ilivyotokea kwa rozari na ndivyo ilivyotokea kwa mantra.

Kwa hiyo, mama, kama dhamiri yako haikuruhusu kutamka mantra, usitamke. Mwili wako haudai Kisanskriti. Muislamu anayevuta tasbihi taratibu anaweza naye kuijaribu kwa namna yake. Ila nisichanganye mambo: aliyepima alipima rozari na mantra kwa watu wenye afya, kwa muda mfupi. Haimaanishi kwamba rozari inatibu presha. Inamaanisha tu kwamba mlango wa pumzi uko wazi kwa kila mtu, na yule mwenzako wa jumuiya hana sababu ya kuiogopa pumzi yenyewe.

Leo tunajua nini?

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu 2015 inaadhimishwa kila mwaka, hapa Tanzania pia. Kelele zimeongezeka, lakini tafiti nazo zimeongezeka. Kwa ufupi:

Presha. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2013 uliunganisha tafiti 17. Kwa wastani yoga ilishusha namba ya juu kwa kama 4 na ya chini kwa kama 3. Yoga yenye vitu vitatu kwa pamoja, yaani mikao, pumzi na taamuli, ilifika karibu 8 kwa 6. Mwaka huo huo, chama cha moyo cha Marekani kilipitia njia zisizo za dawa. Mazoezi ya kawaida kama kutembea haraka yalipata alama nzuri. Yoga haikupata ushahidi wa kutosha wa kupendekezwa kama tiba ya presha.

Wasiwasi na huzuni. Mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500 ulionyesha kwamba programu za taamuli zinapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi cha wastani au kidogo. Hakukuwa na ushahidi kwamba zinazishinda dawa au mazoezi ya mwili.

Mgongo. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulijumuisha majaribio 12 yenye watu zaidi ya 1,000 wenye maumivu sugu ya kiuno. Yoga iliwasaidia kidogo hadi wastani katika kufanya kazi zao ikilinganishwa na wasiofanya mazoezi. Baadhi walipata maumivu zaidi, kwa hiyo usijilazimishe kujikunja kama kijana wa kwenye video.

Unaona? Kadiri vipimo vilivyoboreshwa, ndivyo faida ilivyozidi kuwa ndogo, na ndivyo ilivyozidi kuaminika. Tulianza na moyo uliosimama, tukafika kwenye milimita 4 hadi 8 za zebaki. Mimi hainikatishi tamaa. Hizo chache ni za kweli, hazina bei, na unaweza kuzipata ukiwa umekaa mkekani.

Hesabu ya mama

Sasa chukua ile 188. Toa 8, ambayo ni matokeo mazuri kabisa ya yoga kamili. Inabaki 180. Hapo bado uko pabaya: kiharusi, moyo kushindwa kazi, figo kuharibika.

Na ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha, na karibu nusu yao hawakujua. Hawajui kwa sababu wanajisikia vizuri. Hapa ndipo yoga na presha zinapokutana vibaya. Kitu ambacho kupumua polepole kunakupa kwa haraka ni kujisikia vizuri, na kujisikia vizuri ndicho kipimo kisichofaa kabisa kwa ugonjwa huu. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za presha ukizikatisha ghafla, presha inaweza kupanda kwa kasi. Ni hivyo hivyo kwa anayetumia dawa za sonona au ugonjwa mwingine wa akili: taamuli inaweza kuwa msaada, lakini uamuzi wa kupunguza dawa unafanywa na wewe pamoja na daktari, si na grupu.

Kwa hiyo, kama unataka kujaribu, fanya hivi. Kaa vizuri, vuta hewa taratibu kwa sekunde kama 4, itoe kwa kama 6, dakika 10 hadi 15 kwa siku, bila kubana pumzi. Ukihisi kizunguzungu, acha. Endelea na vidonge vyako, punguza chumvi kwenye dagaa, tembea. Pima presha kwa tarehe, uandike. Namba zikishuka na kubaki chini kwa miezi, peleka daftari lako kliniki, mjadili dozi. Wale watano wa Croydon waliacha dawa kwa njia hiyo.

Mwezi wa pili nilirudi Kisesa. Safari hii sikufoka. Tuliongea hadi chai ikapoa, nikamsimulia habari za Brosse, Patel na Bernardi. Alicheka sana aliposikia kuhusu mapigo yaliyopotea mkononi. Sasa anameza kidonge baada ya chai ya asubuhi, na jioni anasali rozari taratibu, "siyo ile ya kukimbizana," anasema mwenyewe. Nilipompima mara ya mwisho ilikuwa 142 kwa 88. Sijui ni kiasi gani ni kidonge na ni kiasi gani ni pumzi, kwa sababu mama yangu ni mmoja tu, hana kundi la kulinganisha.

Nimemwachia daftari la kuandika namba. Na ile video bado ipo kwenye grupu. Alichofanya yeye ni kujibu chini yake kwa sauti, kwa Kisukuma, akiwaambia wenzake kwanza wakapime.